Kadi Saba Nilizozitoa Kabatini

Ipo siku moja naikumbuka kuliko siku zangu zote za kazi, mwanangu, nayo haikuwa na kishindo chochote. Ulikuwa mwezi wa sita, upepo wa Ufipa ukivuma na ile baridi yake inayopenya hadi kwenye mifupa, nami nimekaa peke yangu katika ofisi ya tawi la chama cha wafanyakazi, hapa hapa Sumbawanga, nimejifunga kitenge juu ya sweta. Siku hiyo nilifungua kabati kwa ufunguo niliokabidhiwa, nikatoa kadi saba, nikamnakilia mtu asiye wa kwetu yaliyoandikwa ndani yake. Ni hayo tu. Sikuiba kitu, sikumtukana mtu. Lakini tangu siku hiyo kuna mtu nimemkosa, na mpaka leo, na mvi zangu hizi, bado namkosa.

Nakueleza haya kwa sababu nimesikia wenzako kazini wamekuchagua uwatunzie chama chao. Kaa vizuri unisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kwetu ni Mollo, wazazi wangu walilima mahindi na ulezi, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza katika ukoo wetu kukaa nyuma ya meza na kuitwa karani. Wanachama wetu walikuwa watu wa barabara: madereva wa magreda, mafundi wa karakana, vibarua wa sururu na makoleo. Kila mmoja alikuwa na kadi kubwa ngumu. Mbele tuliandika jina lake na kazi yake. Nyuma tuliandika mambo ya nyumbani: mke, watoto, ugonjwa alionao kama anao, na mtu wa kuarifiwa akifikwa na jambo. Barabara za wakati ule zilikuwa zinaua. Watu walipinduka na magari, wakaangukiwa na mawe kwenye ule mteremko wa Lyamba lya Mfipa unaoshuka kwenda bonde la Rukwa, na chama ndicho kilichotuma mtu aende mpaka kwao kusema. Na kwa kuwa nyumba nyingi hazikuwa na anwani, tuliandika njia. Pita hapa, vuka pale, ulizia kwa fulani.

Katibu wetu alikuwa Mzee Sikazwe, mwashi wa zamani, vidole vimepinda kwa kazi ya mawe. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya lile kabati akaniambia, "Binti yangu, kadi hizi si zangu wala si zako. Ni za wenyewe, sisi tumewashikia tu. Mwenye kadi akija, msomee yake. Akija mwingine, hata akiwa mkubwa wangu, mwambie anisubiri."

Niliitikia. Niliitikia kama vijana mnavyoitikia, kwa mdomo.

Sasa, katika mafundi wa karakana alikuwepo kijana akiitwa Fulgensi. Mrefu, mpole, mtu wa kupanga maneno kabla ya kuyatoa. Alipokuja kujaza kadi yake, tulipofika kwenye mtu wa kuarifiwa alinitajia mama yake, mjane, aliyekuwa akiishi peke yake kwenye miteremko ya juu ya Muze. Nikamwambia anieleze njia. Akafumba macho kidogo, kana kwamba anaitembea. Akasema nishuke kutoka juu, lakini nisifike bondeni. Kwenye kijito cha pili niiache barabara, nishike mkono wa kushoto, nipande kidogo mpaka nione shamba la ulezi, na kando yake makaburi matatu yenye misalaba ya mninga. Baba yake alilala pale, na ndugu zake wawili waliokufa wadogo. Kisha akasema, "Hapo usiite kwa nguvu, mama yangu hushtuka. Kohoa tu, atatoka."

Nikayaandika yote, hata la kukohoa. Nadhani nilimpenda kabla wino haujakauka.

Baada ya hapo akawa anapita ofisini jioni, eti kuulizia kama kadi yake iko sawa. Mzee Sikazwe alikuwa anacheka kimya kimya, anachukua kofia yake na kutoka nje. Jumapili baada ya misa tulitembea pamoja mpaka njia panda ya kwetu, na mwezi ule wa tano Fulgensi aliniambia kwamba wakimaliza kuvuna ulezi atanipeleka kwa mama yake nikamwamkie. Nilianza kumshonea yule mama blanketi la vipande vya vitambaa, bila kumwambia mtu.

Ndiyo miaka ile, mwanangu, watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Sisemi vijiji vile vilikuwa vibaya. Wadogo zangu walisoma kwa sababu yake, na mama yangu aliacha kuchota maji mbali. Lakini walikuwepo wazee walioyashikilia mahame yao, yale makazi ya zamani, hasa wenye makaburi, na mama yake Fulgensi alikuwa mmoja wao. Majirani walihama, yeye akabaki na ulezi wake, akajikausha kimya, na kwa kuwa pale hapaonekani barabarani, hakuna aliyemjua.

Siku hiyo ya baridi akaja kijana mmoja nadhifu, mwenyeji wa Mbeya, aliyetumwa na wasimamizi wa uhamisho. Alinisalimu kwa adabu, akaniita Ndugu Karani. Alisema amesikia chama chetu kinajua wanachama wanakotoka na jamaa zao walipo. Nikamwambia katibu yuko Mtowisa, ameenda kuwatembelea wanachama waliopiga kambi kule wakitengeneza barabara, atarudi baada ya wiki mbili. Akaniambia gari lao halitasubiri wiki mbili. Akainama kidogo mezani, akasema kwa upole, "Ndugu yangu, hatutafuti wabaya. Tunawatafuta bibi zetu walioachwa peke yao huko porini, tuwasogeze karibu na zahanati."

Nami nikafikiri nini? Hili ndilo ninalotaka ulijue, maana watu hudhani anayetoa siri za wenzake ana roho mbaya. Mimi nilifikiri mema. Nilimwona yule mama akikohoa usiku bila wa kumpa maji. Nilijiambia, akihamia kijijini nitakuwa nampelekea uji, na Fulgensi atanishukuru. Na kwa kuwa leo sina wa kumwogopa, nakiri pia kwamba nilipenda kuitwa Ndugu Karani, nikapenda mtu mwenye viatu vya kung'aa aone kwamba ufunguo ninao mimi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa mkono. Nilitoa kadi saba za watu ambao jamaa zao walikuwa bado mahameni, nikaweka karatasi kwenye taipureta, nikapiga majina na njia, neno kwa neno. Nikampa. Akanishukuru, akaenda zake.

Haikufika wiki mbili. Jioni moja Fulgensi aliingia ofisini na vumbi la safari, hakuvua kofia. Nilijua kuna jambo, maana hakunisalimu. Alikaa kwenye benchi la wageni, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akanisimulia habari ya mama yake akitazama sakafu. Walikuja mgambo na lori. Hawakuita kwa nguvu. Walisimama kando ya shamba wakakohoa, na mama yake akatoka mbio anafuta mikono, akidhani ni mtu aliyetumwa na mwanawe. Akawakaribisha. Ndipo wakamwambia apakie vitu. Walimwacha achukue jembe, chungu na kapu la mbegu, na lori lilipoondoka nyumba ilikuwa inawaka, ili asirudi. Wakamshusha kwenye kijiji kipya kule bondeni karibu na Mtowisa, kwenye joto na mbu, yeye ambaye maisha yake yote alilala kwenye baridi.

Alipomaliza aliinua macho. "Anastazia, njia ile nilimweleza mtu mmoja tu."

Nilijaribu kusema habari za zahanati. Maneno yalinitoka vipande vipande, na kila nilivyoendelea niliyasikia mwenyewe jinsi yalivyo mepesi.

Akasema, "Ungeniuliza. Nilikuwa napita hapa kila siku."

Kisha akaniomba kadi yake. Nikamtolea. Hakuichana, hakuitupa. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati, akatoka. Mwanangu, angenipiga ningepona mapema.

Mzee Sikazwe aliporudi nilimweleza mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Nilidhani atanifukuza, na moyoni nilitamani anifukuze, nikajifiche Mollo. Yeye alinyoosha mkono, nikampa ufunguo. Akasema, "Kesho tutaenda kwa hao saba. Utawaambia wewe, kwa kinywa chako: nilitoa nini, nilimpa nani, lini. Mtu aliyevujiwa na siri yake asije akaisikia sokoni."

Tulienda. Siku mbili tulizunguka, karakana na kambini, mimi mbele na yeye hatua moja nyuma yangu. Mmoja alinitukana matusi ya nguoni, nikayapokea. Watatu walinitazama tu. Kibarua mmoja aliniomba nimweleze tena, maana jamaa wa mahameni aliyekuwa amemwandikisha alikuwa mke wake wa pili, na wa kwanza hakumjua. Na mmoja, mwanangu, alinishukuru. Baba yake alikuwa kipofu, na sasa yuko karibu na watu, analetewa chakula. Nikamgeukia Mzee Sikazwe kwa furaha kidogo, kama mtu aliyepata pa kushika. Njiani akaniambia kwa utaratibu, "Usijifariji na huyo. Yeye naye hukumwuliza. Umebahatisha tu." Nami nikaelewa. Husemwa nia njema ni tabibu. Ni kweli, lakini hata tabibu humwuliza mgonjwa anaumwa wapi kabla ya kumdunga sindano.

Wa saba alikuwa Fulgensi, na tulipofika karakana tukaambiwa ameacha kazi asubuhi ile ile. Alishuka bondeni kukaa na mama yake. Huko, fundi wa magreda akageuka mkulima wa mpunga. Yule mama aliishi masika moja. Homa za bondeni zilimchukua kabla mpunga wa pili haujaiva, wakamzika huko huko, mbali na makaburi yake matatu. Habari niliipata kwa dereva wa lori, aliyeitoa kama habari ya mvua. Lile blanketi nilikuwa nimelimaliza. Nilimpelekea Fulgensi kwa mkono wa dereva huyo pamoja na barua ya kuomba radhi. Dereva alisema alilipokea, akauliza kama niko mzima, basi.

Mzee Sikazwe hakunifukuza. Alinirudishia ufunguo baada ya mwaka mzima, na mwaka ule wote kila nilipohitaji kadi nilimwomba kama mgeni. Nilikuja kuolewa na mwalimu, mtu mwema, tukazaa, tukazeeka, nikamzika. Sikumdanganya, alijua. Lakini nitakuficha nini? Kila lori lililopanda kutoka bondeni nililitazama nyuma, kwenye magunia, kuona waliokaa. Mara moja tu nilimwona Fulgensi, mnadani Muze, nywele zimeanza kuwa nyeupe, ana binti yake mkubwa kando. Tuliamkiana vizuri. Aliniuliza hali ya Sumbawanga, nikamwuliza hali ya mpunga. Nilikuwa na maneno ya miaka yote ile yamenijaa kifuani, lakini binti alikuwa anasubiri, na muda wake haukuwa wangu. Aliponiaga alisema, "Nilikusamehe zamani, Anastazia. Ila kukuamini tena ndiko kulikonishinda." Kisha akaenda. Sikumwona tena. Mpaka sasa, baridi ya mwezi wa sita ikianza, najikuta nasikiliza mlangoni kama kuna mtu wa kupita jioni.

Basi mwanangu, wewe hukabidhiwi kabati la mbao. Nasikia majina ya wenzako yote yamo kwenye kompyuta, na mengine kwenye hiyo simu yako, wanaoumwa, walioachika, wenye madeni, na namba zao zote. Mambo yamebadilika umbo, uzito ni ule ule. Mwanachama anapokueleza mambo ya nyumbani kwake hakuzawadii, anakukopesha. Usimwulize usilolihitaji, maana usichokijua hutakivujisha. Alilokupa kwa ajili ya msiba, usilitumie kwa jambo lingine, hata liwe jema kama misa, mpaka umemwuliza na amekubali kwa hiari yake. Bosi akiuliza ni nani walalamikao, kiongozi akitaka orodha, rafiki akitaka namba ya mtu tu, sema hapana kwa adabu, na kama sheria inakulazimisha, kwanza waite wenzako wa kamati mlitazame pamoja, usiamue peke yako kwa sababu ufunguo uko mfukoni mwako. Usiwatumie watu picha za kadi kwenye makundi ya simu. Anayeacha chama, mpe chake aondoke nacho, usibaki umemshikia maisha yake. Na ukikosea, kwani utakosea, usingoje watu wagundue. Nenda kwa kila mmoja, umtazame usoni, umwambie. Ni kuchungu, lakini ndiko kunakoacha mlango wazi, walau wa salamu.

Mungu aliyenipa umri huu akupe moyo wenye kufunga vizuri na mdomo usio na haraka. Wenzako walale usingizi mzito wakijua majina yao yako kwako. Uzeeke bila kuwa na mtu wa kumkumbuka kwa majuto, na popote utakapobisha, wakufungulie kwa furaha. Amina. Nenda salama, mwanangu.