Watoto wa Modesta Waazimwa Igombe

Kila Jumanne Modesta alipita mwaloni Igombe, wanawake wanapoanika dagaa, na kizibao chake cha mhudumu wa afya, akieleza njia za uzazi wa mpango: sindano, vidonge, vijiti na kitanzi. Walimsikiliza vizuri tu, hadi wakumbuke kwamba yeye mwenyewe ana watoto tisa. Hapo kicheko kilianzia chanja za mbele kikaishia ziwani.

Nesi Gladness wa zahanati alishamwambia: mwezi ukiisha bila hata mwanamke mmoja kuja kuuliza, kizibao atapewa mwingine. Na Modesta alikipenda kizibao kile kuliko kitenge chake cha harusi.

"Mama Nestory," akasema Kashindye, mwenye mdomo kuliko wote pale, "nyumbani kwako mkijipanga na mumeo ni timu kamili, mnaingia uwanjani kabisa. Sisi unatufundisha nini?"

Modesta hakukasirika. Alisema shule zimefungwa, basi wanawake tisa waazime watoto wake, kila mmoja mtoto mmoja, siku mbili tu. Wakakubali huku wanacheka. Mtoto mmoja ni kitu gani.

Kesho yake, kufika saa nne asubuhi, mtoto mmoja alikuwa amewafungulia kuku wote wa mwenyeji wake Evelina waende likizo. Mwingine aliwaogesha dagaa waliokwisha kukauka, eti wananuka. Wa saba aliuliza maswali. Basi, maswali tu, toka alfajiri, mpaka mume wa mwenyeji wake akahamia kwa kaka yake Misungwi. Kashindye alipata kitinda mimba, Nkwabi, miaka mitatu. Hakulia, hakuvunja kitu. Alishika gauni la Kashindye na hakuliachia, hata chooni.

Siku ya pili wakamtafuta Modesta, wakaambiwa yuko zahanati. Wakaenda wote, kila mmoja na mtoto mkononi kama anapeleka mwizi kituoni. Nesi Gladness akadondosha kalamu. Wakamwambia wamekuja kurudisha watoto tu. Ila kwa kuwa wameshafika, mmoja akauliza sindano inauma kiasi gani, mwingine akataka kukiona hicho kitanzi, na Nesi akawaita chumbani mmoja mmoja.

Kashindye aliingia wa mwisho, Nkwabi akining'inia.

"Dada Nesi, hicho kijiti ni cha miaka mingapi?"

"Kuna cha mitatu, kuna cha mitano."

Kashindye akamtazama Nkwabi. Nkwabi akatabasamu.

"Cha kumi hamna?"

Jioni Modesta alirudi nyumbani na kizibao chake na watoto wake wanane. Wa tisa alikuwa bado hajaachia gauni.