Nywele za Akyaa za Kuendea Msibani

Akyaa anauza nyanya sokoni Kumasi, na nyanya mbovu anaijua kwa kuitupia jicho tu. Lakini akikaa kwenye kiti changu cha saluni, Mungu anipe subira! Ijumaa alikuja akitaka nywele za bandia zinazofika kiunoni, kesho yake wanamzika mjomba wake.

"Dada Dufie, nishonee."

Nikamsuka mistari kichwa kizima. Naishika sindano tu, akaruka.

"Kushona kutanibana. Gundi je?"

"Gundi ukiitoa inaondoka na nywele zako."

"Basi vibanio."

"Ndefu hivi? Ukicheza ngoma za msiba zitaanguka mbele za watu!"

"Haya, shona. Ila gundi si ndiyo haraka?"

Nilitamani kumgandisha yeye kwenye kiti. Nilishona mpaka vidole vikafa ganzi. Ndiyo kwanza anajitazama kwenye kioo, akaingia mama yake mkubwa, amevaa nguo nyeusi, kichwa kimenyolewa kinang'aa.

"We Akyaa! Ukoo si umesema wanawake wote wa familia ya marehemu tunyoe? Hukusikia?"

"Nilisikia, mama. Nilidhani ni nywele zetu wenyewe. Hizi si nimenunua?"

"Na chini yake kuna nini, kabichi? Dufie, fumua hizo, umnyoe."

Nikachukua mkasi, nikaanza kukata nyuzi zangu mwenyewe, moja moja. Akyaa akageuza shingo.

"Dada Dufie, kipi hakiumi, wembe au mashine?"