Damu Yake Iliingia Mwilini Mwangu, na Sasa Anataka Kunioa

Sijamwambia mtu yeyote nyumbani, hata mama: damu niliyoongezewa siku nilipopasuliwa moyo ilitoka kwa kijana ambaye sasa ameleta posa kwetu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, wa upande wa Kosele. Nimemaliza shule juzijuzi na niko nyumbani tu. Utotoni niliugua koo na viungo mara kwa mara, mwishowe ugonjwa ukaingia moyoni. Hata kuchota maji kulinishinda. Madaktari waliokuja shuleni kuchunguza ugonjwa wa moyo kwa watoto walinisikiliza kifua, wakatazamana. Walisema mlango mmoja wa moyo wangu umekuwa mwembamba, lazima niende Nairobi.

Huko ndugu waliombwa watoe damu. Kaka zangu wawili wanaofanya kazi Nairobi walikataa. Mmoja alisema, "Nikitoa yangu, nitabaki na nini? Maji?" Odhiambo (si jina lake halisi), kijana wa Migori aliyekaa nao chumba kimoja, alikunja mkono wa shati akaenda kutoa. Nikalazwa kwa dawa ya usingizi, daktari akaingiza kidole ndani ya moyo, akaupanua ule mlango.

Nilipoamka nesi alinicheka: "Mshukuru yule mrefu. Umekunywa chupa yake nzima!"

Kaka zangu walimwambia baba damu ilikuwa yao. Baba akawachinjia mbuzi. Odhiambo alinyamaza, nami nikanyamaza.

Mwezi huu alikuja jagam, mshenga wa kina Odhiambo. "Tumeuliza koo zote mbili mpaka kwa mababu," alisema. "Hakuna damu inayokutana. Hawa ni watu baki kabisa."

Shangazi akadakia, "Basi leteni ng'ombe upesi, kabla huyu wetu aliyeshonwa kama gunia hajafumuka!"

Wote walicheka. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Chai ilinimwagikia mguuni.

Dani, bibi yangu, amenifundisha tangu utotoni kwamba wenye damu moja wakioana, chira, ile laana ya kuvunja mwiko, huwaandama. Watoto wao hukonda na kufa. Kwa hiyo nilipokwenda Homa Bay, ambako madaktari hutuita sisi tuliopasuliwa ili waone tunaendeleaje, nilimuuliza daktari kwa sauti ya chini.

"Damu ile ilishaisha zamani," alisema. "Mwili wako umejitengenezea yako."

Nilipaswa kufurahi. Nililia njia nzima, na mpaka leo sijui kwa nini.

Odhiambo naye ananiambia, "Wee nyamaza tu. Nilikupa damu, sikukupa ukoo."

Lakini dani hajui kwamba damu huisha. Nikiolewa kimya, kisha mtoto wangu wa kwanza akaugua homa tu, nitakaa nikimtazama nikifikiria chupa ile. Nikisema, posa itavunjika, na kaka zangu watamtazamaje baba? Nilidhani moyo ukipona nitapumzika. Nimechoka kuliko nilipokuwa mgonjwa.

Ng'ombe wanaletwa baada ya mavuno. Wasomaji, dada zangu na mama zangu, mngekuwa mimi mngesema au mngenyamaza? Nipeni neno mapema.

Nawasihi mnifichie siri hii. Baba hajui kusoma. Husomewa gazeti dukani. Kama wewe ndiye unayemsomea, tafadhali, ukifika ukurasa huu, uruke.