Kasoki wa foni: mji usiomwamini ndio uliomfaa

Saa mbili asubuhi, jua la Kisangani tayari linachoma. Katika chumba kidogo nyuma ya duka la jumla katikati ya mji, Kasoki Angélique anajifuta jasho shingoni, anabonyeza kipaza sauti na kuita.

"Butembo, Butembo, Kisangani anaita. Unanipata? À toi, zamu yako."

Redio inakoroma. Anazungusha kitufe kidogo, anaita tena. Nyuma yake wateja wamebanana kwenye benchi, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kusema na mtu aliye mbali.

Wa kwanza ni mwanamke ambaye mume wake yuko Bafwasende. Kabla ya kumwachia kipaza sauti, Kasoki anamwinamia sikioni.

"Mama, sikiliza. Usitaje njia mwenye atapita. Usitaje askari. Uliza tu kama iko muzima, na kama mutoto alipona. Wengi wanatusikia."

Mwanamke anageuka na kuwatazama watu wa benchi. Watu wa benchi wanatazama miguu yao.

Hiyo ndiyo kazi ya Kasoki. Tangu vita vivunje safari za barabara na mto, na simu kufa, redio hii ambayo watu wa hapa wanaiita foni ndiyo inayowaambia wafanyabiashara bei ya chumvi, na ndiyo inayoziambia familia nani bado anapumua. Lakini neno likishatoka mdomoni linapita katika masikio ya kila mtu aliye kwenye wimbi hilo, na ya kila mtu aliye chumbani.

"Kila mutu anayeingia hapa ananiogopa kidogo," anasema. "Na mimi namuogopa kidogo. Ni hivyo tunafanya kazi."

Kasoki ana umri wa miaka thelathini na minne. Amekubali jina lake liandikwe. Jina la barabara amekataa.

Alifika Kisangani mwanzoni mwa mwaka 2001, akitokea Butembo, mji wa baridi na vilima huko Kivu ya Kaskazini. Huko pia alikuwa mwendeshaji wa foni, katika duka la mfanyabiashara ambaye malori yake yalichomwa njiani hadi akafunga mlango. Kwa miezi kadhaa Kasoki aliuza ndizi mbele ya nyumba ya kaka yake, Élie, na kulala chumba kimoja na watoto wa kaka huyo.

Kazi ilimjia kwa njia ya kazi yenyewe: hewani. Mfanyabiashara Mnande, kabila moja na Kasoki, aliyeishi Kisangani miaka mingi, Papa Nzanzu Wenceslas, aliita Butembo na kuuliza kama kuna mwanamke anayejua foni na ambaye yuko tayari kuhama. Mshahara dola arobaini kwa mwezi, chumba cha kulala, na nafasi katika ndege ya mizigo.

"Nilijiuliza: Kisangani yote ile, haina mutu anaweza kushika mikro?" anasema Kasoki. "Donc mbona anatafuta mbali?"

Élie alimkataza. Butembo ilikuwa chini ya jeshi moja na Kisangani chini ya jingine, na majeshi hayo yalikuwa yamepigana katikati ya Kisangani Juni ya mwaka uliotangulia, mabomu yakianguka juu ya nyumba za watu. "Utafika pale, watakuuliza unatoka wapi, utasema nini?" kaka alimuuliza.

Kasoki alifunga nguo zake na za binti yake, Exaucée, aliyekuwa na miaka tisa, wakapanda ndege na kukaa juu ya magunia ya maharagwe mpaka uwanja wa Bangboka.

Siku ya kwanza kazini alimuuliza Papa Wenceslas kuhusu mtu aliyefanya kazi hiyo kabla yake. Alikuwa ameona shati la kiume limetundikwa nyuma ya mlango.

"Ni ya Timothée. Alisafiri," tajiri alijibu.

Alimuuliza mlinzi wa duka. "Alisafiri." Alimuuliza mwanamke anayefagia ua. Yule aliacha ufagio, akamtazama, kisha akainama tena. "Alisafiri, mama."

"Watu watatu, neno moja, sauti moja," Kasoki anakumbuka. "Mutu akisafiri anaacha shati yake?"

Nyumbani hali haikuwa nzuri zaidi. Chumba alichopewa kilikuwa katika ua mmoja huko Kabondo, mkabala na mlango wa Mama Hadidja, mjane kutoka Maniema anayepika lituma, yaani ndizi za kuponda, na samaki na kuwauzia waendesha baiskeli za abiria, zile zinazoitwa toleka. Kila Kasoki alipopita, mazungumzo ya ua yalikatika. Kila alipokaa, Mama Hadidja alimjia na maswali.

Unatoka saa ngapi? Nani anakubeba? Ulivaa nini jana, ile kitambaa ya bleu? Yule mwanaume aliyekusalimia njiani ni nani?

Kasoki alishawaona wapelelezi Butembo, na aliamini amepata mwingine. Akashona pazia zito. Akamkataza Exaucée kula kwa jirani. Alipoulizwa, alijibu kwa neno moja moja, kwa heshima, kama mtu anayejibu kizuizini.

Hakujua kwamba kizuizi kilikuwa karibu.

Ilikuwa Septemba ya mwaka huo. Meli zilikuwa zimeanza kurudi mtoni, bidhaa zikatembea tena, na foni ilikuwa na kazi tangu asubuhi. Mnunuzi mmoja aliyekuwa Banalia aliita akiuliza mzigo wake. Kasoki alimjibu kama anavyowajibu wote: maharagwe mekundu yamefika, ya manjano yako njiani.

Kesho yake mchana wakaingia wanaume wawili wenye mashati safi. Hawakukaa kwenye benchi. Mmoja alizima redio kwa mkono wake, mwingine akamwambia Kasoki achukue mkoba. Wateja walitoka bila kukimbia. Papa Wenceslas, aliyekuwa dukani, aliinama chini ya kaunta kana kwamba ameangusha kitu.

Walimpeleka katika nyumba yenye ukuta mrefu. Ofisa wa usalama aliyemhoji alikuwa na sauti ya upole.

"Maharagwe mekundu ni nani?"

"Ni maharagwe, papa."

"Na ya manjano?"

"Ni maharagwe pia."

"Kwa nini ya manjano yanakuja nyuma?"

"Sababu hayajakauka."

Kasoki anacheka anaposimulia. "Aliandika, akaandika, akaandika. Alichoandika kilikuwa kirefu kuliko nilichosema. Hapo ndipo niliogopa."

Alikaa humo mpaka siku ya tatu. Hakupigwa. Wanawake wengine waliokuwa chumba kimoja naye walimuuliza ndugu zake wa mjini ni akina nani, wapelekewe habari. Alisema hana. Walimtazama kwa huruma iliyomtisha kuliko maswali ya ofisa. Alichowaza ni Exaucée, aliyekuwa amezoea kumsubiri mama yake nyuma ya pazia, na ambaye alikuwa amekatazwa kwenda kwa jirani.

Siku ya tatu asubuhi alisikia sauti getini. Anasema aliitambua kabla ya kuamini.

Alikuwa Mama Hadidja. Amemshika Exaucée mkono, na nyuma yake wanawake wa ua mzima, wengine na sufuria kichwani kwa kuwa walikuwa wakielekea sokoni. Ofisa alitoka nje kuwafukuza, akakutana na maneno ambayo Kasoki aliyasikia yote kupitia dirisha.

"Mimi najua huyu mwanamke kuliko nyinyi," Mama Hadidja alisema. "Anatoka saa moja na nusu, toleka ya Yannick. Saa kumi na moja amerudi. Siku ya Mungu anaenda misa, anarudi, anafua. Hakuna mwanaume anaingia kwake. Hakuna askari, hakuna mugeni, hakuna barua. Uliza siku yoyote unataka, nitakuambia alivaa nini!"

Ofisa aliuliza siku. Akajibiwa. Akauliza nyingine. Akajibiwa, na wanawake wengine wakaongeza. Yannick, mwendesha baiskeli, aliitwa kutoka ng'ambo ya barabara naye akasema yake. Kabla ya adhuhuri Kasoki aliambiwa aondoke, na asirudie kusema rangi hewani.

Ni nyumbani, baada ya kuoga na kula lituma kwa mara ya kwanza kutoka mikononi mwa jirani huyo, ndipo alipouliza: mama, kwa nini ulikuwa unaniuliza vile vyote?

Mama Hadidja alimweleza. Mumewe alitoka nyumbani asubuhi moja ya Juni 2000, mabomu yalipotulia kidogo, kutafuta maji. Hakurudi. Alipokwenda kumtafuta, kila mahali walimuuliza: alitoka saa ngapi, alivaa nini, alikuwa na nani?

"Sikujua," Mama Hadidja anamwambia mwandishi, akigeuza samaki kwenye moto. "Miaka ishirini na mutu, na sikuangalia alivaa shati gani. Tangu ile siku, kila mutu analala katika ua hii, mimi naangalia."

Ni yeye pia aliyefungua siri ya Timothée. Hakusafiri. Alichukuliwa katika chumba kile kile. Ndugu zake walikuja kutoka upande wa Isangi, wakakaa mbele ya duka la Papa Wenceslas wakilia na kumtaja tajiri kwa jina, siku baada ya siku, mpaka kijana akaachiliwa na kuvuka mto asionekane tena.

Kasoki alipata jibu la swali alilotoka nalo Butembo. Kwa nini mtu wa mbali? Kwa sababu mtu wa mbali hana wa kuja kulia mbele ya duka.

Alirudi kazini, akasimama mbele ya kaunta na kumwambia Papa Wenceslas hivyo hivyo, wateja wakisikia. Mwandishi alipomuuliza tajiri huyo, alijibu akiwa anapanga maboksi ya sabuni: "Mimi nilitafuta mutu wa kazi. Nilipata mutu wa kazi. Habari zingine ni za barabarani." Hakukanusha.

Élie aliita kwenye foni wiki hiyo hiyo akimtaka dada yake arudi. Nafasi ya ndege ilikuwepo. Kasoki alikubali, akaanza kufunga nguo. Kisha akazifungua.

Anapoulizwa sababu, anaanza na baiskeli. Butembo ni milima. Kisangani ni tambarare, na Yannick alimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule, Exaucée akikimbia pembeni akipiga makofi. Anataja mto, na jinsi watu wa hapa wanavyoongea kwa sauti hata wanapogombana. Anataja Kilingala, ambacho sasa anakisema vizuri kiasi cha kumtania muuza samaki.

Mwishoni ndipo anaifikia sababu yenyewe.

"Kule Butembo mimi ni Kasoki mwenye alizaa bila mahari. Hata kanisani wananiangalia hivyo. Hapa walinishuku mambo mingi: eti mupelelezi, eti mutu wa jeshi fulani. Lakini hakuna mutu hata mumoja aliniuliza baba ya Exaucée iko wapi. Wananiita Mama Exaucée, bas. Hapa naweza kupumua."

Hata hivyo, si kwamba sasa anauamini mji. Siku ile getini, mlinzi alipomfungulia Mama Hadidja aingie, alimwambia, "Karibu tena, mama." Kasoki alilisikia neno hilo: tena.

"Labda alikuwa anakwenda pale kutafuta bwana yake. Ni hivyo nafikiri," anasema, sauti yake ikishuka ingawa jirani yuko mbali. "Ao labda ni kingine. Sijamuuliza. Naogopa kumukosea. Na naogopa kujua."

Sasa, mwishoni mwa mwaka 2002, Kasoki anataka kuacha chumba cha nyuma ya duka. Amepata redio iliyotumika kutoka kwa mfanyabiashara anayehama, na betri ya gari. Mpango wake ni kufungua foni yake mwenyewe Lubunga, ng'ambo ya mto, ambako watu hulazimika kuvuka kwa mtumbwi ili waongee na jamaa zao. Chumba kipo: ni cha marehemu mume wa Mama Hadidja, na mjane huyo amesema atampangishia kwa bei ya jirani.

Jumamosi iliyopita walivuka pamoja kwenda kukiona. Kuta ni imara, paa halivuji, na mbele kuna nafasi ya benchi mbili. Kasoki alizunguka ndani, akigonga ukuta kwa vidole.

"Mama Hadidja," alisema mwishowe, "nitakichukua. Lakini hapa nyuma tutoboe mulango ingine."

"Mulango ya nini? Wateja watapita mbele."

"Ndiyo. Ile ya mbele ni ya wateja, na ya wale wa mashati safi."

Mama Hadidja alimtazama, kisha akautazama ukuta. Alivua kandambili moja, akachora kwa ncha yake alama mbili kwenye udongo wa ukuta, kipimo cha mabega ya mtu mzima, akarudi nyuma kidogo, na kuongeza pembeni nafasi ya mtoto.