Mpishi Asiyeonja wa Ghorofa ya Nane

Saa tisa mchana, na Safia anajifunga kitambaa cheupe mdomoni. Fundo analiweka nyuma ya shingo, kama mtu anayejikinga na vumbi la saruji. Anawasha jiko la gesi, anapandisha sufuria kubwa, kisha anasimama kidogo ameegemea ukuta. Miguu inamwuma. Tangu daku hajatia kitu kinywani, hata tone la maji.

Jikoni humu hamna kitunguu wala kitunguu saumu. Kuna mihogo iliyomenywa, tui la nazi, pilipili mbichi, jira, na chumvi ya mawe ndani ya kikombe kisicho na mkono. Nyuma ya ukuta, katika chumba kilichokuwa sebule, inawaka taa ya samli ambayo haijazimwa tangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Taa hiyo iko mbele ya picha ya mungu wa kike wa Kihindu, ameketi juu ya simba, amevishwa kitambaa chekundu chenye ukingo wa dhahabu. Wenyewe humwita Mata, yaani Mama.

Hii ni ghorofa ya nane ya jengo la kupangisha katika mtaa wa Sanyuanli, Guangzhou. Ni Oktoba 2004. Mji umefurika wanunuzi waliokuja kwenye maonyesho ya biashara, na huko chini wachukuzi wanasukuma marobota wakipigiana kelele. Humu ndani, leo ni siku ya tisa na ya mwisho ya sikukuu ya Mata. Kwa Safia, ni wiki ya kwanza ya Ramadhani inayokwisha.

Jengo lina lifti, lakini mahujaji wanaokuja kwa Mata hawaitaki. Wanavua viatu chini, mlinzi wa Kichina anavipanga ukutani kwa ukubwa, nao wanapanda ngazi pekupeku, wazee kwa vijana, wakipumzika kila kona. Huko Gujarat, India, wanasema, Mata anakaa kilimani, na hakuna anayefika kwake bila kupanda. Mfanyabiashara wa Mombasa au Nairobi aliyekuja kununua vitasa na mabomba hana nafasi ya kwenda kuhiji India mwezi huu. Basi kilima wamekitengeneza hapa, kwa ngazi.

Safia yeye hupanda lifti. "Kilima changu ni mtungi wa gesi," anasema, sauti ikitoka nzito nyuma ya kitambaa. "Nikiubeba mpaka juu, hiyo ni hija tosha."

Ana umri wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Alifika Guangzhou miaka miwili iliyopita na mumewe, Jaffari, aliyekuwa akinunua vipuri vya magari. Jaffari alikwenda Dubai kufuata mzigo, na huko akabaki. Simu zake zilipungua mpaka zikakoma. Safia hakurudi nyumbani. Alinunua sufuria mbili, akaanza kuwapikia wafanyabiashara wa Kenya na Kongo wanaoshinda wakizunguka maduka ya nguo ya jumla huko Guangyuan Xilu. Siku njema aliuza sahani thelathini za wali na maharage, yuan kumi kila moja.

Lakini mchana wa Ramadhani nusu ya wateja wake hawali. Na kuna jambo lililo zito zaidi: kibali chake cha kukaa China kinakwisha mwishoni mwa mwezi huu. Ili apewe kingine, anahitaji kampuni ya kumwandikia barua kwamba ni mfanyakazi wake. Bila barua hiyo, atarudi Mombasa mikono mitupu, kwa mama yake anayemlelea Chausiku, binti yake wa miaka sita.

"Chausiku ana sare ya shule kwa sababu ya sufuria zangu," anasema. "Nikirudi nitakaa naye, ndiyo. Lakini tutakaa tukitazamana."

Kazi ya ghorofa ya nane ilimjia bila kuitafuta. Nyumba hii imekodishwa na wafanyabiashara wa Kihindu wakiongozwa na Bwana Kirit, anayesafirisha vifaa vya ujenzi kwenda Mombasa. Mpishi wao, Mbarahamani, mtu wa tabaka la makuhani kutoka India, alicheleweshewa viza. Mama yake Bwana Kirit, Bibi Hansa, mjane mwenye miaka sabini na moja, angeweza kupika mwenyewe, lakini viganja vyake vimekazwa na baridi yabisi. Hawezi kushika mwiko.

Bibi Hansa amezaliwa Mombasa na Kiswahili chake ni cha hukohuko. Alikuwa amemsikia Safia sokoni akibishana na muuza mboga. Mchina alikuwa akimjibu "meiyou, meiyou," hakuna, hakuna, naye Safia akachukua kipande cha mkaa na kumchorea mhogo juu ya boksi. Mchina akacheka, akaingia nyuma, akatoka na mhogo.

"Nikasema huyu ni wa kwetu," anasimulia Bibi Hansa, ameketi kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni pa jiko. "Sisi tukifunga siku hizi tisa hatuli nafaka, lakini mhogo tunakula. Mhogo wa nazi! Nani atanipikia huku, Wachina?"

Bwana Kirit alikataa. Chakula cha Mata hutolewa kwake kwanza, ndipo waja wale. Kikionjwa kabla hata kwa ncha ya ulimi, ni makombo, na makombo hayapelekwi mbele ya Mama. Na ni mpishi gani wa pwani asiyeonja?

"Nikamwambia, wewe Kirit ukifunga unakula sahani tatu za chipsi," anasema Bibi Hansa. "Huyu akifunga hata maji hanywi. Sasa niambie, hapo nani atalamba mwiko?"

Bwana Kirit akasema wamjaribu kwa siku tisa. Akizimaliza vizuri, kampuni yake itamwandikia Safia barua. Akishindwa, kila mtu ashike njia yake.

Mipaka iliwekwa tangu siku ya kwanza. Safia anapika, Bibi Hansa anapeleka sinia ndani. Safia haingii chumba cha ibada, na kilichokwisha kutolewa kwa Mata hali. "Niliwaambia wazi, hicho dini yangu hainiruhusu," anasema. "Mama Hansa akasema haina taabu. Mimi nina yangu, wao wana yao, katikati ipo sufuria."

Hata hivyo maneno hayakukosekana. Msabaha, mfanyabiashara wa Mombasa anayeswali naye msikiti mmoja, alimsimamisha njiani. "Safia, siku hizi unapikia masanamu?" Safia alikuwa amebeba nazi sita. "Napikia watu wenye njaa, kaka," akamjibu. "Nishikie hizi mbili."

Akazishika, akamsindikiza mpaka kwenye lifti.

Kosa lilitokea siku ya tatu.

Ramadhani ilikuwa bado changa, mwili haujazoea. Mchana huo Chausiku alipiga simu kutoka kwa jirani, na kama kawaida yake akauliza swali moja tu: "Mama, leo unapika nini?" Safia akamwambia mhogo wa nazi. "Kama wa bibi?" Kama wa bibi. Simu ikakatika.

Alirudi kwenye sufuria, lakini kwa fikra alikuwa Kisauni. Tui lilikuwa limeanza kukaza. Mkono wake ukafanya kama ulivyofanya tangu utotoni: ukachota kwa mwiko, ukadondosha kiganjani, ukaleta mdomoni.

"Chumvi ilipofika ulimini ndipo nikazinduka," anasema. "Nikaganda hivi, kiganja kiko mdomoni."

Kwanza aliikumbuka funga yake, na hapo moyo ukatulia: aliyekula kwa kusahau hana lawama, anaendelea na swaumu yake. Kisha akaitazama sufuria.

Hakuna aliyemwona. Bibi Hansa alikuwa amesinzia kitini, kidevu kifuani. Kwenye ngazi sauti za mahujaji zilikuwa zimeshafika ghorofa ya tano au ya sita, wanawake wakiimba, mzee mmoja akikohoa. Mihogo yote iliyopatikana siku hiyo ilikuwa ndani ya sufuria ile ile. Na barua ya kampuni pia, kwa namna yake, ilikuwa humo.

"Nilikoroga tena. Nilikoroga mara nyingi," anasema Safia. "Nikawaza, mwanangu. Nikawaza, ni tone tu. Halafu nikachungulia ngazini, nikawatazama wale wanaopanda. Kuna bibi mmoja alikuwa anapanda kwa makalio, ngazi moja moja, kwa sababu magoti hayapindi. Nikasema, huyu apande hivi, aje ale makombo yangu akidhani ni baraka?"

Alizima jiko, akamgusa Bibi Hansa begani.

"Mama Hansa. Nimeonja."

"Umeonja? Wewe si umefunga?"

"Nimesahau."

"Umesahau funga yako na yetu?"

"Zote mbili."

Bibi Hansa alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya sari, kisha kicheko kikaisha na wote wawili wakabaki wakiitazama sufuria.

"Kwenu inakuwaje?" akauliza.

"Kwetu aliyesahau amesamehewa."

"Wewe umesamehewa, mwanangu. Hiki chakula hakiingii ndani."

Jioni ile Mata alipewa ndizi na nazi iliyovunjwa. Mahujaji waliopanda ghorofa nane wakiwa na njaa walipewa vipande vya matunda. Bwana Kirit alikuja jikoni amekunja uso, na mama yake hakumficha kitu.

"Si nilisema?" akafoka. "Nilisema ataonja!"

"Ulisema ataonja," akajibu Bibi Hansa. "Hukusema atakuja kusema."

Bwana Kirit aliondoka. Hakumfukuza Safia, wala hakumwambia abaki. Tangu siku hiyo hakula alichopika Safia; kila jioni alitoka na tunda moja mkononi, akishuka ngazi mbio. Bibi Hansa ndiye aliyeleta kitambaa cheupe kesho yake. Vidole vyake havikuweza kufunga fundo, kwa hiyo alikishika mdomoni pa Safia, na Safia akajifunga mwenyewe.

Na ile sufuria? Safia aliishusha kwa lifti, akaipeleka kwenye chumba anachoishi na Jacinta, mfanyabiashara wa nguo kutoka Nairobi. Magharibi ilipoingia walikuwa watu wengi chini sakafuni, Waislamu wakifungua, Wakristo wakiwasaidia. Msabaha alikuwepo. Alikula sahani mbili.

"Wee Safia," Jacinta alisema akilamba vidole, "uwe unasahau kila siku."

"Nyamaza wewe. Umenigharimu kazi na unacheka."

"Mimi? Si ulimi wako!"

Safia alicheka naye, lakini usiku huo, anasema, alilala ameukumbatia mkoba wenye pasipoti yake. Kwa siku zilizofuata alipika kwa kukisia. Chumvi aliipima kwa jicho, pilipili kwa pua, na kila jioni alisimama mlangoni akiwatazama wanaokula, akisoma nyuso zao. Aliyenyoosha mkono kuomba maji, pilipili imezidi. Aliyeomba ndimu, kuna kitu kimepungua.

"Ukitazama, katika siku zote hizi nimekula chakula changu mara moja tu," anasema. "Ile sufuria niliyoiharibu. Na ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba ilikuwa nzuri sana."

Sasa jua linazama nyuma ya majengo ya Sanyuanli. Mhogo umeiva. Bibi Hansa anaingiza sinia, kengele inalia, watu wanaimba na taa inazungushwa mbele ya picha. Safia anafungua kitambaa, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafungua funga yake kwa tende na maji. Macho yanafumba yenyewe. Kichwani ana hesabu moja: siku tisa zimekwisha, na hakuna aliyemwambia lolote kuhusu barua.

Mahujaji wanakula. Safia hana nguvu za kusimama mlangoni leo. Ndipo Bwana Kirit anaingia jikoni pekupeku, sahani mkononi. Sahani ina mhogo, na nusu ya mhogo haipo.

"Chumvi imepungua," anasema.

Safia ananyanyuka. "Samahani, Bwana Kirit."

"Kesho ongeza."

Safia anamtazama. "Kesho? Sikukuu si imekwisha leo?"

"Sikukuu imekwisha. Watu hawajaisha. Wageni wa maonyesho watakula wapi? Kesho si chakula cha Mata, ni cha watu. Unaweza kuonja."

"Lakini kesho nimefunga."

Bwana Kirit anasimama hapo na sahani yake. Kutoka mlangoni kicheko cha Bibi Hansa kinasikika, kile kile cha siku ya tatu.

"Basi kisia," anasema Bwana Kirit. "Utaonja baada ya Idi. Na pasipoti uilete ofisini asubuhi, barua haiandikwi kwa jina la kukisia."

Anatoka akiendelea kula.

Idi itakuwa katikati ya Novemba, kibali cha sasa kitakuwa kimeshakwisha; kumwambia ataonja baada ya Idi ni kumwambia kwamba atakuwa bado hapa, na kibali kipya. Safia anahesabu hilo polepole, midomo ikicheza, kisha anakaa tena juu ya ndoo.

Mipango yake si mikubwa. Anataka chumba chenye dirisha, na jiko lake mwenyewe karibu na Guangyuan Xilu, mahali Mkenya na Mkongo watakaa mezani badala ya kula wamesimama. Likizo ndefu ya shule ikifika, anataka Chausiku aje, hata kwa mwezi mmoja.

"Atakaa pale pembeni ya jiko," anasema, akionyesha sehemu tupu ya sakafu. "Hatauliza tena kwenye simu. Nitamdondoshea kiganjani, aniambie mwenyewe kama imekolea."

Anakikunja kitambaa cheupe mara nne, anakitia mfukoni, na kuanza kuosha sufuria.