Duka Linalosalimia Kwanza

Darasani tulimwita Shangazi kwa sababu alikuwa na miaka arobaini na miwili, na sisi wengine tulikuwa na ishirini na kitu. Hakuchukia. Alikuja chuoni na chupa yake ya chai na sweta begani, akakaa kiti cha mbele kwa ajili ya macho. Mwalimu alipotugawa wawili wawili kwa mradi wa mwisho, nikaangukia kwake, na nilinuna waziwazi. Mimi nilikuwa nataka alama tu. Nilishafeli somo hilo mara moja, na baba alikuwa ameniambia bila kupepesa macho kwamba nikifeli tena nirudi nyumbani.

Mradi ulikuwa kutengeneza duka la mtandaoni lisilo na picha wala vitufe vya kubonyeza. Skrini nyeusi, maandishi meupe, basi. Mteja anaingia kutoka kompyuta yoyote yenye mtandao, duka linamwuliza, anachapa jibu, duka linauliza tena, hadi kikapu kijae. Wenzetu walilalamika kwamba tunafundishwa mambo ya kale. Shangazi alifurahi.

"Hii ndiyo kaunta, mwanangu," aliniambia. "Mtu anasema, na wewe unasema."

Kaunta aliijua. Yeye na mumewe walikuwa na duka la vifaa vya nyumbani kwa miaka kumi na mmoja: ndoo, fagio, balbu, misumari, utambi wa jiko, na kufuli za kila ukubwa. Barabara ilipopanuliwa, duka lilibomolewa. Mume akaenda nchi nyingine kutunza stoo ya kiwanda, kwa ahadi ya mwaka mmoja. Ulikuwa umeshaingia mwaka wa nne. Mwanzoni alipiga simu kila siku, baadaye kila wiki, na siku hizi Shangazi alikuwa anaingoja simu yake kwa kubahatisha.

Nilipomwambia kwamba huenda mzee amepata mwingine huko, hakunikaripia. Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanywa, ndipo akajibu.

"Kwenye simu ni domo zege yule. Ataniuliza hali, nitamjibu, kisha tunasikilizana pumzi. Lakini mweke kwenye kaunta uone. Mtu anakuja kununua msumari mmoja anakaa saa nzima. Mimi mwenyewe nilikuwa mteja."

Basi nikajua tunajenga nini. Mimi niliandika sehemu ya bidhaa, kikapu na namba za siri. Yeye aliandika mlango. Ukiingia tu, duka lilikuambia: Karibu. Habari za leo? Kisha lilisubiri. Ukijibu nzuri, lilikuuliza za kazini. Ukisema unaumwa, lilikupa pole na kukuuliza tangu lini. Ukiuliza za nyumbani, lilikujibu kwamba nyumbani wanashukuru, ila wanakungoja. Alikusanya majibu mia mbili na kitu, akayaandika kwa mkono kwenye daftari kwanza, kisha akayachapa kwa vidole viwili huku akitabasamu peke yake. Nilimwambia anapoteza muda. Akajitia hamnazo.

Programu ilipoanza kufanya kazi, alimtumia mumewe anwani yake kwa ujumbe, na hatua zote za kuingia, moja baada ya nyingine, kwa kuwa stoo ile ilikuwa na kompyuta. Hakumtumia mtu mwingine yeyote. Programu ilikuwa na kumbukumbu yake, faili linaloandika kila aliyeingia, nchi anakotokea, saa aliyoingia na alichochapa. Kila asubuhi Shangazi alilifungua kabla hajavua sweta. Kulikuwa na mimi, na yeye, na mimi tena. Nilimwona anavyolisoma taratibu hadi mwisho, ingawa lilikuwa na mistari sita, na siku nyingine nilitamani niingie kwa jina la uongo angalau apate mgeni.

Wiki moja kabla ya siku yetu ya kuwasilisha mradi, mwalimu alikuja kuijaribu programu. Duka likamwuliza habari za leo. Akachapa 1, ili aone bidhaa. Duka likamwambia: Salamu kwanza, ndugu yangu. Habari za leo? Akachapa 1 tena. Duka halikubabaika. Alipochapa 1 mara ya tatu, likamwuliza kama kuna jambo lililomkera. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu hakucheka hata kidogo.

"Hii ni kasoro," alisema. "Mteja amekuja kununua. Iondoeni, au mrudie mwaka."

"Nani anaingia dukani kwa watu bila kusalimia?" Shangazi alimwuliza kwa upole kabisa, akitaka kweli kujua.

"Iondoeni," mwalimu alisema.

Wiki nzima Shangazi hakugusa kitu. Nami roho yangu ilikuwa juu. Asubuhi ya siku yenyewe niliwahi kufika, nikaukata mlango wake wote, mistari mia nne na zaidi, nikauweka pembeni kwenye faili jingine. Nikabakiza mstari mmoja wa kumwambia mteja achague namba. Alipofika nilimwambia nilichofanya, na kwamba ni kwa leo tu.

"Kwa leo tu?" aliuliza.

"Kwa leo tu, Shangazi. Jioni tunaurudisha."

Akaitazama skrini, akakubali kwa kichwa.

Tulipita. Mwalimu alinunua ndoo mbili na kufuli, akaondoa ndoo moja kikapuni, akalipa, na hakuna kilichokwama. Alisema kazi yetu ndiyo safi kuliko zote. Nilimkumbatia Shangazi pale pale mbele ya watu. Kisha akaketi, akafungua kumbukumbu, kama kawaida yake.

Baada ya jina la mwalimu kulikuwa na mgeni. Aliingia kutoka nje ya nchi saa nne na dakika kumi, wakati sisi tunasifiwa. Shangazi aliisoma akipitisha kidole juu ya kioo, nami nikasoma juu ya bega lake.

Chagua namba 1 hadi 6.
Hamjambo hapo dukani?
Jibu halitambuliki. Chagua namba 1 hadi 6.
Mwenye duka yupo?
Jibu halitambuliki. Chagua namba 1 hadi 6.
Basi mwambieni nilipita.
Jibu halitambuliki. Chagua namba 1 hadi 6.

Hapo akatoka.

 Shangazi alichukua simu akampigia mumewe. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, ikawa hivyo hivyo. Aliiweka simu juu ya meza, akavuta kibodi karibu, akapeleka alama ya kuandikia mpaka chini ya lile swali la kumwulizia mwenye duka. Faili lile halimpelekei mtu ujumbe, ni la kusomwa na sisi wawili tu, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Kwa vidole vyake viwili, bila haraka, akachapa: Nipo.