Ganda Lililopewa Jina la Mama Godelieve

Kituoni kwetu hapa Kalemie, tunapochunguza matope ya ziwa, hakuna anayempenda Mama Godelieve, na mimi Huguette, sekretari, sitajifanya namtetea. Ana mdomo. Ukiacha kikombe cha chai karibu na hadubini yake atakimwaga uani bila kukuuliza. Ukisema "wadudu wako" atakurekebisha mbele ya wageni: si wadudu, ni ostrakodi.

Ostrakodi ni kiumbe mdogo kuliko punje ya ulezi. Anaishi majini, amejifunika maganda mawili kama chaza. Akifa, nyama inaoza, maganda yanabaki matopeni maelfu ya miaka, na watafiti wakiyasoma wanajua ziwa lilijaa lini na lilipungua lini. Lakini kwanza lazima mtu ayatoe humo matopeni. Kwa miaka ishirini na sita mtu huyo amekuwa Mama Godelieve, mzaliwa wa Mpala, mjane wa mfanyakazi wa reli, aliyeingia kituoni kupiga deki. Anachekecha matope juu ya beseni, anayakausha, halafu analamba brashi yenye unywele mmoja na kuokota ganda moja moja. Makala zilizotokana na mikono yake zimejaza kabati zima. Jina lake halimo hata katika moja.

Ndiyo maana mwaka jana Dokta Elysée, mkuu wetu, alipotangaza kwamba amepata ostrakodi mpya katika matope ya Mpala na kumwita *godelievae*, biro nzima, ofisi yote, ilipiga vigelegele. Jarida lilikuwa limekwisha kuchapa. Mama Godelieve alilia, jambo ambalo sikudhani analiweza. Alimpigia simu binti yake Claire huko Manono, akashonesha liputa jipya la kitenge, tukapanga sherehe. Kwa majuma mawili alitusalimia vizuri kila asubuhi, mpaka tukaanza kuingiwa na wasiwasi.

Sasa, mama huyu ana tabia moja ambayo Dokta aliicheka siku zote: anafuga. Dokta husoma maganda makavu tu. Yeye huweka ostrakodi hai kwenye glasi za maji ya ziwa, dirishani kwa Dokta ambako mwanga ni mzuri. Ostrakodi hukua kwa kuvua ganda, mara nane, na ganda la utotoni halifanani na la ukubwani. Asubuhi moja aliniita. Ndani ya glasi, chini kabisa, kulikuwa na ganda lililovuliwa, dogo, laini, lenye ncha kwa nyuma. Lilikuwa lile lile la kwenye jarida. Kando yake aliogelea aliyelivua: ostrakodi wa kawaida kabisa, wa wale wanaojaa kila chekeche la matope ya Mpala.

Alirudia jaribio mara tatu, wiki sita nzima, bila kumwambia mtu mwingine. Kisha akaingia kwa Dokta. Nilikuwepo, nikipanga mafaili.

"Dokta, ile yako mupya si mupya. Ni mutoto. Haiyakomala."

"Nani alikuambia?"

"Niliona na macho yangu. Inavua ganda, inatoka mukubwa, ile ya kila siku."

"Mama, weye kazi yako ni kuchekecha matope. Na unajua ile jina ni ya nani?"

"Najua. Ni yangu."

Dokta alisimama, akaenda dirishani, akamwaga glasi zote nne kwenye sinki. Alizimwaga polepole, huku akimtazama. Kesho yake ufunguo wa chumba cha hadubini ulihamia mfukoni mwa Dokta.

Nilimchukia Dokta siku ile, na bado namchukia. Lakini watafiti wa ostrakodi wa dunia nzima wana taarifa ya mwaka ambamo hupeana habari zao: nani amepata nini, nani amekosea wapi. Mama Godelieve alikuja mezani kwangu na simu yake, yenye picha za maganda alizozipiga kupitia jicho la hadubini tangu lile la kwanza. Alitaka niandikie taarifa hiyo barua. Hapo nilimchukia yeye zaidi.

"Mama, ni jina yako hiyo! Miaka ishirini na sita! Nyamaza tu, nani atajua?"

"Muntu yeyote mwenye kufuga."

"Basi tumungojee huyo."

"Andika, Huguette. Ama nitaandika mwenyewe na makosa yangu yote, na chini nitaweka: sekretari wetu hajui kazi."

Niliandika. Niligonga vitufe vile mpaka vidole vikaniuma. Sherehe ikafa, wenzetu wakamnunia kana kwamba amewanyang'anya chakula mdomoni, na Dokta hajamsalimu tangu siku hiyo.

Taarifa ilifika mwezi wa kumi na moja. Mwishoni ilikuwa na orodha ya majina yasiyotakiwa kutumika tena, na humo niliona *godelievae*, mtoto wa aina inayojulikana tangu zamani. Aliyegundua kosa hakutajwa. Waliandika tu "fundi mmoja wa Kalemie." Nilitukana peke yangu ofisini, kisha nikachapisha ukurasa ule na kumpelekea uani, alikokuwa akiosha machekeche. Niseme ukweli: nilitaka alie, nipate kumwambia nilimwonya.

Alifuta mikono kwenye liputa lake, akasoma akifuatisha mstari kwa kidole. Alipomaliza aliniomba nichapishe nyingine, ya kumpelekea Claire.

"Utamwambia nini?" nikamuuliza.

"Kwamba jina yangu imefutwa," akasema. "Na kwamba ni miye niliifuta."